Fundi Aliyefungua Simu kwa Kidole cha Mguu

Mtu akikwambia yuko fundi anayepiga plasta kumshinda Pimamaji, mwulize kwanza kama ana macho, halafu mwulize kama huwa anayatumia. Jina hilo hakupewa na mama yake. Walimpa mafundi wenzake, siku walipoegemeza kile kifaa cha pimamaji ukutani, wakainama, wakafumba jicho moja moja, wakakikodolea kipovu kama vile kinataka kuwaambia siri. Yeye alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Akasema tu, "Umelala kushoto," akaendelea kunywa. Na kweli ulikuwa umelala kushoto.

Umri wake wote ameumaliza akisugua kuta za watu. Ukipitisha kiganja kwenye ukuta wake unadhani umeshika shavu la mtoto aliyetoka kuogeshwa. Lakini saruji ina tabia moja ambayo haijaandikwa kwenye mfuko: inakula ngozi. Imemla Pimamaji polepole, mwaka baada ya mwaka, mpaka ncha za vidole vyake zikawa zinang'aa kama kokoto za mtoni. Kucha anazo, ngozi anayo, ila ile michoro ambayo wewe na mimi tumezaliwa nayo haipo tena. Ukizitaka alama za vidole vya Pimamaji, zitafute kwenye sebule za mji mzima.

Wala hakujua kwamba amepungukiwa na kitu, mpaka watoto wake walipochanga na kumletea simu.

Kabla ya hapo alikuwa na simu ya vitufe, imefungwa kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, inaanguka kutoka ghorofani na kuendelea na mazungumzo. Hii mpya ilikuwa pana kama kigae, nyembamba, na yenye maringo. Pimamaji aliigusa kwa kidole, ikanyamaza. Akagusa tena kwa nguvu, ikanyamaza. Akafikiri imeharibika. Mke wake akaigusa kidogo kwa ncha ya kidole chenye unga, ikawaka na kuchangamka kama mbwa aliyemwona bwana wake.

"Inakubagua," mke wake akasema.

"Haijanizoea."

"Mimi imenizoea lini?"

Ni kwamba ngozi ya fundi ilikuwa kavu na ngumu mno, kioo hakikujua kama kimeguswa na mtu au na kipande cha tofali. Lakini Pimamaji si mtu wa kushindwa na kitu kisicho na miguu. Akajaribu kulamba kidole, ikasaidia kidogo, mke akasema ni uchafu. Mwishowe akagundua kwamba kifundo cha kidole, pale kinapokunjika, bado kina ngozi ya kibinadamu. Tangu siku hiyo akawa anaitumia simu kwa kuigonga na kifundo, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi. Wenzake kazini walikuwa wakimwitikia, "Karibu, ingia!"

Tabu ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Simu isiyofungwa, ikikaa kwenye mfuko wa suruali ya fundi pamoja na kamba, misumari na kitambaa chenye maji, huwa inajifanyia mambo yake. Siku moja, Pimamaji akiwa juu ya jukwaa, alikuwa akiwaeleza wenzake tabia za mwenye nyumba wanayomjengea. Aliwaeleza kwa kirefu, tena kwa mifano. Alisema kichwa cha yule bwana ni kama kona iliyojengwa bila timazi. Alipotoa simu mfukoni kutazama saa, akakuta imeshampigia yule bwana mwenyewe, na yule bwana yuko hewani, kimya, anasikiliza.

"Endelea tu, fundi," sauti ikasema. "Ulikuwa umefika kwenye kona."

Basi ikabidi simu ifungwe. Binti yake, ambaye ni muuguzi, alikuja siku yake ya mapumziko akamwekea namba ya siri. Pimamaji anakumbuka upana wa kila dirisha alilolipigia plasta tangu ujana wake, lakini ile namba ilikuwa imeshamtoka kabla chai haijapoa.

"Baba, basi tuweke kidole," binti akasema. "Hiki hakisahauliki. Unakuwa nacho popote."

Wakakaa mezani. Akaweka kidole gumba. Simu ikatetemeka, ikakataa. Cha shahada, ikakataa. Wakaosha mikono kwa sabuni, wakapaka mafuta, wakafuta mafuta, wakahamia mkono wa kushoto. Simu ikawa inatetemeka kwa kila kidole kama mtu anayetikisa kichwa. Binti yake akazishika zile ncha za vidole, akazigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Baba, vidole vyako havina kitu."

"Havina kitu? Vidole hivi ndivyo vimekusomesha."

"Ndiyo nasema, Baba. Vimeisha."

Mke wake akasogea, akanyoosha chake. "Wekeni changu, tumalize kazi."

"Haiwezekani," Pimamaji akasema. "Simu inayofunguliwa na kidole cha mke, hiyo ni simu ya mke."

"Kwani una nini humo?"

"Sina kitu. Ndiyo maana sitaki ujue kwamba sina kitu."

Binti akacheka mpaka akalaza kichwa mezani. Na baba yake, kwa kuwa kichekesho kikishamwanza huwa hakimwachi, akavua kandambili, akainua mguu, akasema, "Haya, daktari, jaribu na huku." Alikuwa anatania. Lakini binti yake alikuwa amechoka kukataliwa, akakishika kile kidole cha pili cha mguu wa kushoto, akakiweka. Simu ikatulia. Ikaomba tena. Akakiweka tena, upande huu, upande ule. Kidole hicho kilikuwa kimeishi ndani ya buti tangu fundi aanze kazi, hakijawahi kuonja saruji wala kuonana na jua, na michoro yake ilikuwa yote pale, mipya kama siku ya kuzaliwa. Simu ikakubali.

Nyumba nzima ikapiga vigelegele. Mke alipiga kwa kejeli, lakini alipiga.

Sasa usidhani Pimamaji aliona haya. Mtu mwingine angejificha chooni kufungua simu. Yeye alitembea nayo kifua mbele. Akakata tundu dogo kwenye soksi ya kushoto, akalizungushia uzi lisichanike. Buti la kushoto akaliondoa kamba na kulitia kipande cha mpira, likawa linavulika kwa kulisukuma na mguu wa pili. Asubuhi alikuwa anakisugua kile kidole kabla ya kunawa uso. Simu ikilia, alikuwa anapokea kwa kifundo bila matata, lakini akitaka kupiga yeye au kuonyesha kitu, basi unamwona anatafuta pa kukaa. "Wezi wangapi," alikuwa akiuliza, "watakaokuibia simu halafu wakumbuke kukuvua buti?"

Na humo ndani alikuwa ameanza kuweka mali. Binti yake alimfundisha kupiga picha, naye akapiga kila ukuta aliomaliza, wakati bado wa kijivu, kabla ya rangi. Picha nyingi zilikuwa na kifundo cha kidole kwenye pembe. Hakujali. Zamani, alisema, ulikuwa unampeleka mteja nyumbani kwa mteja mwingine, anapapasa ukuta, mnakunywa chai, kazi unapewa. Siku hizi mteja hataki kuinuka kwenye kiti. Anataka kuona kwenye simu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Mama Vitambaa.

Mama Vitambaa anauza nguo za jora, na alikuwa anainua jengo lake kwenye njia panda, pale barabara zote za mji zinapokutana. Ukuta wa mbele haukunyooka. Ulijipinda kuifuata kona, toka chini mpaka juu, mviringo mmoja mrefu bila kukatika. Kuujenga ni kazi. Kuupiga plasta usionyeshe mahali mkono ulipopumzika, hiyo ni kazi ya watu wachache, na Pimamaji akiwahesabu huwa anaanza na kuishia kwake. Magoti yake yalikuwa yameanza kulalamika jukwaani. Alijua hatapata tena ukuta kama ule. Aliutaka. Aliutaka vile mtu anavyotaka kusikia jina lake likitajwa mbele za watu. Kila anayeingia mjini na kila anayetoka angeupita.

Tatizo ni kwamba aliyeutaka hakuwa peke yake. Mdogo wa mke wake, fundi wa rangi, siku hizo alikuwa amejipa cheo cha mkandarasi, anachukua kazi nzima kisha anatafuta mafundi pembeni. Shati jeupe, simu mpya, maneno kama asali. Mama Vitambaa akawaita wote wawili siku moja: angesafiri mchana kwenda kununua mali, na kabla ya kuondoka alitaka kuona picha za kazi zao na kuamua.

Pimamaji aliwahi. Alifika akatembea taratibu mbele ya jengo, shingo juu, akiusoma ule ukuta tofali kwa tofali, akipanga aanzie wapi, aweke jukwaa wapi, na jua la asubuhi litalala vipi. Akiwa bado anausoma, akaingia mzimamzima kwenye pipa lililokatwa na kufukiwa ardhini, la maji ya kuchanganyia zege. Si mzimamzima, nimeongeza chumvi. Mpaka magotini. Buti zote mbili zikajaa.

Shemeji yake alikuwa ndiyo anafika.

"Shemeji! Umekuja kuchota maji?"

"Nilikuwa naangalia kazi yangu."

"Iko juu, shemeji. Huko chini hakuna kitu."

Angevua buti akamwaga maji. Lakini angejianika miguu mitupu mbele ya mama mwenye jengo? Akabaki amesimama, soksi zimelowa chapachapa, kila akihamisha mguu buti linasema chwa. Na Mama Vitambaa akachelewa. Alikuja gari limejaa mabunda, mikono imeshika funguo na karatasi, uso wa mtu ambaye ameshachoka na siku haijafika katikati.

"Nionyesheni haraka," akasema.

Shemeji akaanza. Alikuwa ameipanga simu yake kama duka. Sebule, baraza, ngazi, ofisi; picha moja inateleza, nyingine inaingia. Mama Vitambaa alikuwa anaitikia "mm, mm," mpaka ilipofika moja, akaizuia kwa kidole.

Ulikuwa ukuta wa mbele wa zahanati, wa mviringo, rangi ya maziwa, jua limelala juu yake bila kujikwaa popote.

"Huu," akasema. "Huu ndio ninaoutaka. Huu kaupiga nani?"

Shemeji akatabasamu. "Si unauona mwenyewe, Mama?"

Pimamaji akainama kuitazama picha. Ukuta ule aliupiga yeye. Aliusugua mpaka mabega yakawaka, na aliporudi nyumbani alishindwa kuinua kijiko, mke wake akamlisha huku akimcheka.

"Shemeji," akasema polepole, "huo ukuta ni wangu."

"Rangi ni yangu."

"Kwani Mama kauliza rangi?"

"Mama kaona rangi. Bila rangi angeona nini?"

Mama Vitambaa akawatazama, huyu na yule. "Mimi sina muda wa kesi. Fundi, una picha yako ya ukuta huu?"

"Ninayo. Tena ya kijivu, kabla huyu hajaugusa."

"Nionyeshe."

Pimamaji akaketi juu ya tofali. Akasukuma buti la kushoto kwa mguu wa kulia, likatoka na maji yake, shwaa. Mama Vitambaa akarudi nyuma hatua. Fundi akavuta soksi, akapitisha kidole kwenye tundu lake, akaiweka simu chini na kukibonyeza juu yake kwa utulivu wa mtu anayeweka sahihi.

Simu ikatetemeka. Ikakataa.

Akakifuta kwenye suruali, nayo ilikuwa imelowa. Akakiweka. Ikakataa. Akainama kukitazama: kidole kilikuwa kimejikunja na kupauka kwa kukaa majini, kimefanya mikunjo kama cha mwoshaji vyombo. Simu haikumjua. Akakiweka tena kwa hasira, na simu ikamwambia amejaribu mno, asubiri.

"Anafanya nini?" Mama Vitambaa akauliza.

"Anafungua simu," shemeji akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na utani, maana kichekesho kilikuwa kinatosha chenyewe. Alikuwa ameng'ata midomo, machozi ya kicheko yamemjaa.

"Kwa nini asitumie mkono?"

Pimamaji aliinuka kwa mguu mmoja, akamnyooshea viganja vyote viwili, wazi. Mama Vitambaa ni mtu wa vitambaa; kitu akikiona hukishika. Akashika ncha za vidole vile, akazipapasa kwa gumba lake, kimoja baada ya kingine, kama anavyopapasa jora kujua uzi wake.

"Hii ni nini?"

"Ni kuta, Mama," Pimamaji akasema, kifua mbele, mguu mmoja hewani. "Za mji huu. Ukitaka nikutajie moja moja, utakosa safari. Simu inataka michoro ya vidole, mimi yangu niliitumia kazini. Imebaki ya mguuni, na leo imelowa kwa sababu nilikuwa naangalia ukuta wako badala ya kuangalia njia. Nipe muda kidole kikauke, uone."

Hapo angeweza kuingia garini akaondoka. Shemeji mwenyewe alidhani hivyo, maana alishaanza kuirudisha simu yake mbele. Lakini Mama Vitambaa akafungua mlango wa gari upande wa abiria, akahamisha bunda la nguo, akawasha injini na kile kipuliza hewa ya moto.

"Kaa hapo," akasema. "Weka mguu pale kwenye tundu la hewa. Ukinichafulia kiti, plasta ni ya bure."

Nakwambia, hakuna fundi aliyewahi kukaa garini mwa mteja hivyo: mgongo umeegemea kiti, mguu juu ya dashibodi, kidole kimenyooshwa mbele ya hewa ya moto, mwenye gari amesimama nje ameshika soksi kwa ncha za kucha na kuipungia upepo. Wapita njia walisimama. Mmoja akauliza kama mzee amevunjika. "Anakaushwa," shemeji akamjibu.

"Lakini ungeweza kuweka kidole cha mkeo," Mama Vitambaa akasema.

"Hata yeye alisema hivyo."

"Ukakataa."

"Mama, wewe dukani kwako mume ana funguo?"

Mama Vitambaa akacheka, cheko la kwanza tangu afike, la kutoka tumboni. "Hana," akasema. "Na hatapata."

Kidole kikaanza kurudi. Mikunjo ikalegea, wekundu ukaingia. Pimamaji akakitazama kwa jicho lile lile analotazamia kuta, akangoja kidogo, akangoja tena, maana plasta imemfundisha kwamba ukigusa kabla haijakauka unaharibu. Kisha akakishusha juu ya simu.

Ikafunguka.

Akagonga kwa kifundo, ko, ko. Picha zikatoka, hovyohovyo, nyingine zimepinda, nyingine nusu yake ni kifundo. Akazipita. Akafika. Akamgeuzia.

Ukuta wa zahanati, wa kijivu, mbichi, bado unang'aa kwa maji. Juu ya jukwaa yuko Pimamaji, mwiko mkononi, uso wote saruji, anacheka. Binti yake ndiye aliyempiga picha. Na chini, kwenye pembe ya picha, yuko mtu aliyekalia kopo la rangi ambalo halijafunguliwa, anakula mkate.

Mama Vitambaa aliisogeza picha karibu na macho. Akamtazama shemeji. Akairudia picha.

"Mama, mimi sikusema nimeupiga," shemeji akasema. "Nilisema unauona."

"Na wewe nimekuona. Umekaa."

Shemeji akashindwa kujizuia, akacheka, na akishacheka yule, uongo wake huwa unakwisha nguvu. "Mkate ulikuwa wake," akasema. "Alininyima chai."

Mama Vitambaa akamrudishia Pimamaji simu, na soksi. "Ukuta ni wako," akasema. "Anza nikirudi. Wote watakaopita hapa, nataka wajikwae kwa kuangalia juu kama wewe." Kisha akageuka. "Na rangi je? Nitafute mtu?"

Shemeji akaangalia chini, akichezea funguo. Kazi ile na yeye alikuwa anaihitaji, na sasa ilikuwa mdomoni mwa mume wa dada yake, ambaye alikuwa na kila haki ya kuimeza.

Pimamaji akavaa buti lake taratibu, akimwacha asubiri. Si lazima mtu awe mwema haraka.

"Rangi mpe huyu," akasema mwishowe. "Anasema sana, lakini mkono wake kwenye brashi sijaona mfano. Ukuta wangu ukipakwa na mtu mwingine, utalia. Ila sharti moja: asiufungulie kopo mpaka mimi nimeupiga picha."

"Umesikia?" Mama Vitambaa akasema.

"Nimesikia, Mama."

Na ukuta ule ukapigwa. Nenda ukauone, kona nzima, toka chini mpaka juu, hakuna mahali jicho linapata pa kushika. Siku ya kumaliza, shemeji alifika na brashi zake mapema, rangi ameshaikoroga kichwani, kwenye kopo bado. Akamkuta Pimamaji ng'ambo ya barabara, ameketi kwenye ukingo, mguu mmoja wazi juani, magari yanapita, watu wanapita na kugeuza shingo. Alikuwa anapiga picha. Akapiga akiwa amekaa. Akainuka, akapiga kutoka upande wa kituo cha mafuta. Akarudi, akapiga tena pale pale.

"Shemeji, jua linapanda," fundi wa rangi akapaza sauti. "Umemaliza?"

"Bado."

"Umepiga ngapi?"

"Subiri," Pimamaji akasema, akirudi nyuma hatua moja zaidi ili ukuta wote uingie. "Bado hujauona vizuri."